Msongo sugu na protini za ubongo wa panya: kwa nini matokeo hupishana, na namna ya kupima kwa uhakika

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Mbarara: Napanga kuwabana panya wa maabara ndani ya mirija kwa muda wa saa 2 kila siku, wiki 3 mfululizo, kisha nipime protini ya BDNF kwenye ubongo. Machapisho yananichanganya. Moja linasema imepungua, jingine imeongezeka, jingine halikuona tofauti. Nimwamini nani? Na nikiwapa panya chakula chenye protini nyingi, kilichopungua kitarudi?

Jibu

Ndugu yangu, machapisho yote matatu yanaweza kuwa ya kweli. Msongo sugu haupunguzi protini za ubongo kwa jumla. Ukipima jumla ya protini kwenye ubongo wa panya aliyesumbuliwa wiki 3 na wa mwenzake aliyekaa kwa utulivu, tarakimu zitakaribiana sana. Zinazobadilika ni baadhi tu, kila moja mahali pake, na ileile inaweza kupanda katika eneo moja huku ikishuka katika eneo la jirani. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata panya mmoja, amua mambo matatu: unapima protini ipi na ya umbo gani, katika eneo lipi la ubongo, na saa ngapi baada ya msongo wa mwisho. Chapisho lisilotaja yote matatu haliwezi kulinganishwa na jingine, hata likiwa na grafu nzuri namna gani.

BDNF uliyoichagua inalionyesha hilo vizuri. Ni protini inayosaidia seli za neva kuishi na kuimarisha sinapsi zake, yaani viungo vya mawasiliano kati ya seli hizo. Mwaka 1995 ilionekana kwa panya wakubwa wa maabara (aina iitwayo rat kwa Kiingereza), wale wanaozidi gramu 200, kwamba kuwazuia wasijongee kunapunguza RNA mjumbe ya BDNF, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, kwenye hipokampasi, eneo la kumbukumbu. Mwaka 2006 maabara ya Eric Nestler, wakati huo ikiwa Dallas, Marekani, ilitumia panya wadogo (aina iitwayo mouse) walioshindwa na panya mbabe kila siku kwa siku 10. Katika hipokampasi zao nakala mbili za jeni la BDNF zilishuka, kwa sababu histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, zilizo kwenye milango ya jeni hilo ziliongezewa methili ya aina inayolifunga. Mwaka huohuo maabara hiyohiyo, kwa mtindo uleule wa msongo, ilikuta protini ya BDNF imepanda katika nyukliasi akambensi, eneo linalohusika na hamu na raha. Sehemu kubwa ya BDNF ya eneo hilo hutengenezwa kwenye shina la ubongo, kisha husafirishwa hadi huko. Ndiyo maana unaweza kukuta protini imejaa mahali ambapo RNA yake ni haba. Mwaka 2007 wakaongeza jambo jingine: ongezeko hilo lilikuwa kwa panya waliovunjika moyo na kuanza kuwaepuka wenzao. Wale waliostahimili hawakuwa nalo, ingawa walipigwa vilevile.

Anayesaga ubongo mzima na kupima BDNF anajumlisha kushuka kwa hipokampasi na kupanda kwa akambensi, anapata sifuri, kisha anaandika "hakuna tofauti". Ni sawa na kumimina maziwa ya ng'ombe watano kwenye mkebe mmoja halafu kuuliza ni yupi mwenye ugonjwa wa chuchu.

Tuangalie sasa msongo unazifikiaje protini. Haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, hutoa homoni ya CRH, tezi ya pituitari hutoa homoni ya ACTH, nazo adrenali hutoa homoni ya steroidi. Kwa binadamu homoni kuu ni kortisoli. Kwa panya ni kotikosteroni, kwa sababu adrenali zake hazina kimeng'enya cha CYP17 kinachohitajika kutengeneza kortisoli. Kwa hiyo usinunue seti ya kupimia kortisoli ya hospitali. Itakupa namba, ila namba hiyo haitakuwa na maana kwa mnyama huyu.

Kotikosteroni hushika vipokezi viwili. Kile cha MR huishika kwa nguvu takribani mara 10 kuliko cha GR, hivyo MR huwa imejaa hata panya akiwa ametulia, ilhali GR hujaa homoni inapopanda. GR iliyojaa huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha au kuzima majeni. Mojawapo linalowashwa kwa nguvu ni la FKBP5, protini inayoishika GR na kuipunguzia uwezo wa kuisikia homoni. Msongo ukikaa muda mrefu, breki hiyo hukaza, na mwili hushindwa kuizima homoni kwa wakati. Lakini jeni ni mlango mmoja tu. Mlango wa pili ni utengenezaji: katika gamba la mbele la ubongo msongo sugu hupandisha REDD1, protini inayozuia mTORC1, ambayo ndiyo huamuru ribosomu (mitambo ya kutengeneza protini) za karibu na sinapsi zifanye kazi. Mlango wa tatu ni uharibifu: protini hupachikwa alama iitwayo ubikwitini na kupelekwa kwenye proteasomu zikakatwe. Kwa panya wa aina ile kubwa walio bado vijana na waliosumbuliwa mara kwa mara, vipokezi vya glutamati vya GluA1 na NR1 hupungua gamba la mbele kwa njia hii ya tatu, si kwa upungufu wa RNA. Anayepima RNA peke yake kisha akaandika "protini" kwenye kichwa cha tasnifu yake amekwenda mbali kuliko data zake.

Maumbile ya seli nayo huenda pande tofauti. Mwaka 1992 maabara ya Bruce McEwen, New York, ilionyesha kwamba panya wakubwa waliobanwa saa 6 kwa siku kwa siku 21 hupoteza matawi ya seli za CA3 kwenye hipokampasi. Miaka 10 baadaye kundi la Sumantra Chattarji, Bangalore, likakuta matawi ya seli za amigdala, eneo la hofu, yakirefuka chini ya msongo sugu. Protini za sinapsi kama PSD-95 na sinaptofizini hufuata sana matawi hayo. Ukikata hipokampasi ukabeba na kipande cha amigdala iliyo jirani yake, umejiharibia jibu kwa kisu chako mwenyewe.

Ukitaka protini nyingine zaidi ya BDNF, zipo zinazopimika kwa urahisi zaidi. GFAP ya astrosaiti, seli saidizi za ubongo, ni nyingi, na kingamwili za kuitambua ni nzuri. FKBP5 hukuambia kama homoni ilifika kwenye ubongo. Klodini-5 hufunga mianya ya mishipa midogo ya damu, na mwaka 2017 ilionekana kupungua kwenye nyukliasi akambensi ya panya walioshindwa na msongo. Kwa bajeti ya uzamili, FKBP5 na PSD-95 ndani ya hipokampasi zitakupa jibu thabiti kuliko BDNF peke yake, kwa sababu BDNF ni haba na inasumbua kupima. Sikukatazi kuipima, ila usiibebeshe tasnifu nzima.

Kuhusu kubana kwenye mrija. Mrija wa plastiki wa mililita 50 unamtosha panya wa gramu 20 hadi 30. Toboa matundu mengi mbele na pembeni, jaza karatasi nyuma yake asigeuke, na usiuweke karibu na dirisha lenye jua, kwa maana joto ndani ya mrija hupanda upesi na utakuwa unapima kiharusi cha joto badala ya msongo. Kuna tatizo jingine ambalo wengi hulipuuza: panya huzoea. Kubanwa kuleile, saa ileile, kila siku, kunafanya kotikosteroni ipande kwa kiasi kinachopungua kadiri siku zinavyokwenda. Saa 2 kwa siku huenda zisitoshe kwa wiki 3. Ama refusha hadi saa 4 au 6, ama tumia msongo usiotabirika: leo maranda yaliyoloweshwa, kesho kizimba kilichoinamishwa nyuzi 45, keshokutwa taa usiku kucha, bila mpangilio wa kukisiwa, kwa wiki 4 hadi 8. Kazi ni kubwa zaidi, ila panya hawazoei upesi.

Kundi la kulinganisha ndilo huharibu tafiti nyingi. Panya aliye ndani ya mrija hali wala hanywi. Basi waondolee chakula na maji wale wa kulinganisha kwa muda uleule, la sivyo utakachokiona ni njaa. Wakae chumba kingine, kwa sababu panya hunusa hofu ya wenzao na husikia sauti zao ambazo sikio letu halizipati. Washike mkononi mara sawa na wale wengine. Wapime uzito mara mbili kwa wiki, na panya aliyepoteza asilimia 20 ya uzito wake aondolewe kwenye jaribio.

Sasa swali lako la chakula. Chakula chenye protini nyingi hakitarudisha BDNF iliyoshuka. Seli za ubongo hujitengenezea protini zenyewe kutokana na amino asidi, na panya anayekula vizuri hana upungufu wa amino asidi. Kilichobadilika ni amri ya kutengeneza na kasi ya kuharibu. Kilichoonekana kufungua upya jeni la BDNF kwenye hipokampasi ya panya walioshindwa ni dawa ya imipramini iliyotolewa kwa wiki kadhaa. Maharage na nyama havifanyi kazi hiyo.

Hata hivyo, chakula ni jambo kubwa kwa sababu nyingine. Panya wa maabara wanahitaji mlo wenye protini asilimia 18 au zaidi. Mabanda mengi ya wanyama hapa Uganda hulisha mash ya kuku, na mash hubadilika kila gunia: leo ina mukene (dagaa) nyingi, kesho imejaa pumba za mahindi. Mahindi au karanga zilizoota ukungu huleta aflatoksini inayoharibu ini, na ini lililoharibika hubadilisha namna homoni zinavyosafishwa mwilini. Nunua chakula cha jaribio zima kwa mkupuo mmoja, kutoka mchanganyiko mmoja, ukihifadhi pakavu juu ya vichanja. Kundi la msongo na la kulinganisha wale gunia lilelile siku ileile.

Kabla ya kugusa ubongo, thibitisha kwamba msongo ulifanya kazi. Adrenali zilizonenepa, thimasi iliyosinyaa na uzito usioongezeka ni ushahidi wa bei nafuu, unaohitaji mizani tu. Ongeza kipimo cha kupenda maji ya sukari: gramu 10 za sukari kwa lita 1 ya maji, chupa mbili ubavuni kwa ubavu, moja ya sukari na moja ya maji matupu, ukibadilishana pande zake ili kuondoa mazoea ya upande, na upime chupa kwa mizani. Sukari nyeupe ya dukani inafaa. Ile ya hudhurungi ina harufu ya molasi inayoweza kumvuta panya kwa sababu nyingine.

Siku ya mwisho, muda ndio kila kitu. Ukimuua panya nusu saa baada ya kutoka kwenye mrija, umepima msongo wa leo juu ya msongo wa wiki 3 na hutaweza kuvitenganisha. Subiri saa 24. Kotikosteroni ya panya hupanda jioni, karibu na taa kuzimwa, kwa sababu yeye huamka usiku. Taa zikiwaka saa 1 asubuhi na kuzimika saa 1 jioni, fanya kazi yote kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, ukipishanisha makundi: mmoja wa msongo, mmoja wa kulinganisha, hadi mwisho. Ukimaliza kundi moja asubuhi na jingine alasiri, tofauti utakayoipata ni ya saa. Ukitaka damu ya kotikosteroni, ipate ndani ya dakika 3 tangu uguse kizimba. Baada ya hapo kushikwa kwenyewe kumeshapandisha homoni.

Na hapa nasisitiza: usipime BDNF kwenye damu ya panya mdogo. Kwa binadamu damu ina BDNF nyingi kwa sababu chembe sahani, zile za kugandisha damu, huibeba. Chembe sahani za panya mdogo haziibebi, maana seli zinazozizaa hazitengenezi BDNF. Seti ya ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili, ikikupa namba kutoka seramu ya panya mdogo, ishuku seti hiyo.

Ubongo utoke ndani ya dakika 2. Weka sahani ya chuma juu ya barafu, tenganisha hipokampasi ya kushoto na ya kulia, na gandisha kila moja peke yake kwenye naitrojeni ya kimiminika. Upande mmoja wa protini, mwingine uweke akiba kwa RNA, ukibadilishana pande kati ya panya. Protini zenye fosfati hubadilika ndani ya dakika chache baada ya kifo, hivyo kama huwezi kugandisha papo hapo, ziache kabisa kwenye mpango wako. Gawanya sampuli kwenye friza mbili za nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa kuwa umeme hukatika na jenereta huchelewa. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu tupu, basi jaza nafasi kwa chupa za maji yaliyoganda, na andika daftarini kila mara joto lilipopanda. Kuyeyuka na kuganda tena hukata protini vipande, na vipande hivyo huonekana kwenye jeli kana kwamba ni matokeo ya jaribio lako.

Hipokampasi ya upande mmoja ina takribani miligramu 15. Isage kwenye bafa baridi (maji ya kuyeyushia protini), mikrolita 10 kwa kila miligramu, utapata mikrogramu 5 hadi 8 za protini kwa mikrolita. Bafa ya RIPA ya kawaida ina Tris milimola 50, chumvi ya NaCl milimola 150, NP-40 asilimia 1, sodiamu deoksikoleti asilimia 0.5 na SDS asilimia 0.1. Vizuizi vya proteasi, vimeng'enya vinavyokata protini, viongezwe siku hiyohiyo. Lakini kwa PSD-95 bafa hii ni mtego. Protini hiyo imejishika kwenye tabaka gumu la sinapsi lisiloyeyuka kwa sabuni laini. Ukizungusha kwenye sentrifyuji na kutupa mashapo, umetupa sehemu kubwa ya PSD-95, na kiasi ulichotupa hutofautiana kati ya sampuli. Tumia SDS asilimia 1 hadi 2 na uchemshe. Pima protini kwa njia ya BCA, kwa maana njia ya Bradford huvurugwa na SDS.

Kwenye westani bloti, ambako protini hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando na kuonekana kama mistari, BDNF iliyokomaa hukaa kilodaltoni 14 (kipimo cha uzito wa protini) na ile ambayo haijakatwa kilodaltoni 32. Maumbo hayo mawili hufanya kazi zinazopingana: iliyokomaa huimarisha sinapsi kupitia kipokezi cha TrkB, isiyokatwa huzidhoofisha kupitia kipokezi cha p75. Ripoti kila moja peke yake. Jeli iwe ya asilimia 15, utando wa PVDF wenye matundu ya mikromita 0.2, kwa sababu protini ndogo kama hiyo hupenya utando wa 0.45 na kupotelea upande wa pili. Pakia mikrogramu 40 kwa kila shimo. Kingamwili nyingi za BDNF hushika vitu vingine, basi dai picha ya jeli nzima kutoka kwa muuzaji, na ikiwezekana pata tishu ya panya asiye na jeni la BDNF. Mstari ukibaki palepale kwenye tishu hiyo, si BDNF. Utando wa protini zenye fosfati usiuzibe kwa maziwa, kwa kuwa kaseini yenyewe ina fosfati. Tumia albumini.

Kusawazisha vipimo kwa aktini, protini iliyomo katika seli zote, ni desturi mbaya iliyoenea. Kwa mikrogramu 30 au 40 mstari wa aktini umeshajaa, hivyo hauonyeshi tena tofauti za upakiaji. Paka rangi ya Ponceau utando mzima, piga picha, na gawanya kwa jumla ya protini ya kila shimo. Halafu chukua sampuli moja, ipakie kwa mikrogramu 5, 10, 20, 40 na 60. Ikiwa mwanga wa mstari hauongezeki kwa uwiano, namba zako za asilimia hazina msingi hadi upunguze kiasi. Hatua hii inachukua siku moja, na bado wengi huiruka.

Upande wa takwimu, mistari mitatu ya panya mmoja ni panya mmoja. Tofauti nyingi za protini chini ya msongo ni ndogo, na kwa tofauti ya asilimia 25 yenye mtawanyiko wa asilimia 20 unahitaji panya 11 hivi kwa kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona. Panya 4 dhidi ya 4 watakupa jibu la bahati. Wote wasitoke kizimba kimoja wala mzao mmoja, na anayesoma picha asijue sampuli ni ya kundi lipi.

Ukitumia majike pia, jambo ambalo nalishauri, fuatilia mzunguko wao kwa kupangusa uke kila asubuhi. Wape panya wa kulinganisha mpanguso uleule.

Anza na karatasi. Kamati ya maadili ya wanyama ya chuo chako itataka idadi ya panya na sababu yake, kikomo cha mateso, na namna ya kuua. Baada ya hapo peleka andiko kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Hesabu ya panya 11 niliyokutolea hapo juu ndiyo watakayoitafuta kwanza, basi iandike na njia yake yote. Wakati ukisubiri kibali, omba tishu za panya waliokwisha kutumika kwenye kazi ya mwenzako na ujaribu kingamwili na jeli zako hadi mstari wa kilodaltoni 14 utokee safi mara tatu mfululizo. Usipotokea, badilisha protini kabla panya wako hawajaingia kwenye mirija.